Komwe zako hazijafa, hazijanywa maji

SWALI: Shikamoo mzee. Nina kishamba Mokowe, na punda wa watu pamoja na mbuzi wananimaliza. Niliambiwa nipande mkomwe uwe ua kwa sababu ya miiba yake. Komwe nyingine niliziokota ufuoni, nyingine alinipa babu yangu, zilikuwa kete za bao lake la zamani. Niliziloweka usiku kucha kama nifanyavyo kunde. Zilizoelea nikazitupa, zilizozama nikazipanda. Huu ni mwezi wa tatu na hakuna hata moja iliyochomoza. Nilipofukua nilizikuta vilevile, ngumu na zinang'aa. Je, zimekufa? Kete za bao zinaweza kuota kweli? Jirani ananishauri nizitie maji ya betri.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Maji ya betri mrudishie mwenyewe, sababu nitakupa huko mbele. Kwanza nenda pale ulipozitupa zile zilizoelea ukaziokote.

Komwe ulizofukua hazina dalili ya kufa. Mbegu iliyokufa ikakaa miezi mitatu kwenye udongo wenye unyevu kwa kawaida hulainika, ikanuka, siafu na ukungu wakaigawana. Zako zimetoka kama zilivyoingia. Maana yake ni kwamba tangu uziweke kwenye ndoo mpaka ulipozifukua, maji hayajafika ndani. Na mbegu haianzi kazi yoyote mpaka inywe maji. Iko ndani mle, kavu, inangoja.

Utaratibu ulioufuata si mbaya, ila ni utaratibu wa kunde na mahindi. Mazao haya yameishi na watu maelfu ya miaka. Kila msimu mkulima alivuna kutoka kwa zile mbegu zilizokubali kuota siku chache baada ya kupandwa. Zilizogoma udongoni hazikuingia ghalani, kwa hiyo hazikuacha uzao. Kizazi baada ya kizazi ganda likawa jembamba na ugomaji ukapungua. Mkomwe haukupitia mikono hiyo. Ni mti wa ufuoni, unajipanda wenyewe, na kwake mbegu inayoota siku yoyote inapolowana ni mbegu iliyopotea: ingelimea kwa kamvua kamoja ka kubahatisha halafu jua la kaskazi liuchome mche usiku wa pili haujafika.

Hata mazao hayajasahau kabisa asili yake. Muulize anayepika pojo nyumbani kwako. Zikilowekwa jioni, asubuhi nyingi zimevimba na ngozi imelegea, lakini ukipitisha vidole chini ya sufuria utazikuta chache zimebaki ndogo, ngumu, kama hazikuguswa na maji. Zikipita bila kuonekana ndizo zinazogonga jino wakati wa kula. Wapishi hudhani ni za zamani au ni mawe. Ni pojo nzima, zenye ganda lililofunga sawasawa kama la komwe zako. Tofauti ni kwamba kwa pojo ni chache kwenye kilo, kwa mkomwe ni karibu zote.

Sasa chukua komwe moja uitazame juani. Ni ya kijivu, laini kama imepakwa mafuta, upana wake kama sentimita mbili. Ukiizungusha utaona mistari myembamba mno inayozunguka mbegu nzima, duara ndani ya duara, mithili ya nyufa. Usidanganyike, nyufa hizo ni za juu tu, hazipenyi. Kisha tafuta doa dogo la rangi nyingine upande mmoja. Hilo ni kovu, mahali mbegu iliposhikana na kikonyo chake ndani ya ganda lile la nje lenye miiba. Liweke kovu hilo akilini, tutalirudia tukishika tupa.

Chini ya ile rangi ya kijivu kuna tabaka la seli ndefu, nyembamba, zenye kuta nene, zimesimama wima na kubanana pasipo nafasi, kama boriti zilizopangwa kusimama bega kwa bega. Juu yake kuna utando wa nta, na kuta za seli zenyewe zimejaa vitu visivyopenda maji. Ugumu unaouhisi kwa kucha si hoja kubwa. Kuna mbegu ngumu zinazonywa maji vizuri tu. Kinachozuia ni kule kubanana. Mbegu nyingi za jamii ya kunde, na mkomwe umo kwenye jamii hiyo, huwa na sehemu moja ndogo karibu na kovu ambapo tabaka hilo ni dhaifu. Joto la mchanga, baridi ya usiku, miaka ya jua na mvua, vyote hivyo hatimaye huilegeza sehemu hiyo, na maji hupita hapo. Porini mbegu hufunguka kwa zamu, hii mwaka huu, ile mwaka kesho, nyingine baada ya miaka. Mvua ikisaliti mwaka mmoja, ukoo haumaliziki.

Jambo jingine ambalo wakulima wengi hushangaa kulisikia: ganda la mbegu si la mtoto, ni la mama. Kiini kilichomo ndani kimechanganya damu ya mti ulioleta chavua na ya mti uliobeba tunda. Ganda limetokana na vifuniko vilivyokuwepo tayari ndani ya ua kabla hata chavua haijafika, kwa hiyo ni mwili wa mti mama peke yake. Ndiyo maana mti mmoja, kwa msimu mmoja, unaweza kukupa mbegu zenye ugumu unaotofautiana: inategemea tunda lilikaa wapi na lilikauka vipi. Mbegu za jamii hii hujifunga katika hatua ya mwisho ya kukauka, unyevu wake unaposhuka chini ya kiasi fulani. Kabla ya hapo hunywa maji kama kawaida. Hilo lina faida kwako, nitalitaja.

Mwaka 1954 mtafiti aitwaye Hyde alichapisha alichokiona kwenye mbegu za klova na lupini, jamaa wa karibu wa kunde. Kovu la mbegu hizo lina mwanya. Hewa ikikauka, mwanya hufunguka na unyevu wa ndani hutoka. Hewa ikipata unyevu, mwanya hujifunga. Mbegu ikishafika hapo inaweza kupoteza maji lakini haiwezi kuyarudisha, hivyo kila siku kavu moja inaizidisha ukavu. Kwa hiyo mtu anayeanika mbegu za jamii hii juani wiki nzima "ziive vizuri" kabla ya kupanda huenda anazifunga zaidi.

Turudi kwenye ndoo yako. Kanuni ya "inayoelea ni mbovu" ina mantiki kwa mahindi: punje iliyoliwa na fukusi ina uwazi ndani, huelea. Komwe huelea kwa maumbile. Kati ya kiini na ganda kuna nafasi yenye hewa; ukiitikisa komwe kuukuu karibu na sikio, wakati mwingine utasikia kiini kikigonga. Nyingine hazina nafasi ya kutosha, zinazama, nazo ni nzima vilevile. Kwa hiyo ndoo haikukuambia lolote juu ya uzima wa mbegu zako, na wewe umetupa zile ambazo zimeumbwa kusafiri.

Na kusafiri si mchezo. Komwe zimeokotwa mpaka fukwe za kaskazini mwa Uskoti, ambako hakuna mkomwe unaoweza kuota kwa baridi. Daktari Hans Sloane aliandika juu ya mbegu ngeni za namna hiyo zilizokuwa zikitupwa na bahari visiwani Orkney, na hiyo ilikuwa miaka ya 1690. Baadaye Charles Darwin aliloweka mbegu za aina 87 kwenye maji ya chumvi kuona zipi zitavumilia. Aina 64 ziliota baada ya siku 28, na chache zilistahimili siku 137. Hizo nyingi zilikuwa mbegu za kawaida za bustanini. Komwe iko daraja nyingine kabisa, kwa sababu maji ya chumvi hayafiki kwenye kiini. Kwa hiyo zile ulizookota ufuoni huenda hazikutoka Lamu hata kidogo. Usiziogope, chumvi iliyo juu ioshe, basi.

Si kila mbegu ya pwani inatumia mbinu hiyo. Hapo hapo ulipo, ukivuka kwa mashua, tazama mikoko. Mkomafi una tunda kubwa la mviringo ambalo hupasuka na kumwaga mbegu zenye pembe pembe. Ganda la mbegu hizo ni nene lakini ni jepesi, la namna ya kizibo. Linaelea vizuri, halizuii maji kwa miaka, na mbegu huota mapema ikipata tope. Mkoko wenyewe umeachana na habari ya ganda kabisa: mbegu huotea juu ya mti, na kinachoanguka ni mche uliokwisha kurefuka. Pale kwenye tope linalofunikwa na maji kila siku hakuna haja ya kungoja mvua. Mkomwe unakaa juu ya mstari wa maji makuu, kwenye mchanga mkavu, na huko subira inalipa.

Sasa kete za babu. Naam, zinaweza kuota, na nisingeshangaa. Mwaka 1940, wakati wa vita, jumba la makumbusho ya viumbe la London liliungua kwa mabomu, na wazima moto wakamwaga maji mpaka kwenye makabati ya mimea iliyokaushwa. Mbegu za mti mmoja wa jamii ya kunde, zilizokusanywa China mwaka 1793, zikaota. Zilikuwa zimekaa kabatini miaka 147. Hakuna aliyekusudia, moto ulilegeza ganda, maji yakafuata. Kete ambayo babu yako aliichezea tangu ujana wake, ikakaa ndani ya mfuko mahali pakavu, haina umri wa kutisha. Chagua zisizo na ufa wala tundu la mdudu, na zisizowahi kuwekwa karibu na jiko. Ila muulize kwanza. Bao linataka kete 64, na mzee akigundua jioni kwamba zimebaki 60 hatakuuliza habari za ua.

Kazi yenyewe ni hii. Shika komwe kwa koleo, au ibane kwenye jiliwa kama fundi wa jirani anayo, kwa sababu inateleza na vidole ndivyo vinavyoumia. Geuza lile kovu liwe mbali nawe, kiini kinaanzia mzizi wake upande huo na hutaki kukigusa. Upande wa pili wa kovu, au ubavuni, piga tupa. Ukikosa tupa, jiwe la matumbawe lenye makali linatosha, ni kazi ya subira tu. Mwanzoni tupa itateleza na kutoa unga wa kijivu. Endelea. Rangi itabadilika, ganda ni nene kuliko unavyotarajia, halafu utaona doa jeupe lenye manjano kidogo. Hicho ni kiini. Simama hapo hapo. Tundu la ukubwa wa kichwa cha kiberiti linatosha. Tupa ikila kiini umefungulia ukungu mlango.

Kisha loweka kwenye maji ya uvuguvugu, siku nzima na usiku wake, ubadilishe maji mara moja. Safari hii utaona kitu. Komwe iliyokunywa maji hufura wazi kabisa, ukiilinganisha na isiyopigwa tupa huwezi kuzichanganya. Isiyofura baada ya siku mbili irudishe kwenye tupa, bado hujafika. Inayofura halafu ikawa teketeke na kutoa harufu mbaya, hiyo ndiyo iliyokufa, na ndiyo njia ya uhakika ya kuijua. Zilizofura zipande siku hiyo hiyo, usizianike tena: zimeshaamka na zikikauka sasa zinakufa kweli.

Wanaoniandikia kutoka Malindi wakitaka kuotesha mbuyu, haya yanawahusu pia. Mbuyu ni wa jamii nyingine, lakini ganda la mbegu yake linazuia maji vilevile, na tupa inafanya kazi ileile. Tafadhali msinipelekee kitaluni mbegu za mabuyu mekundu ya dukani. Zile zimeshachemshwa kwenye sukari. Nunua buyu zima, ulivunje, uoshe unga wote mpaka mbegu iwe safi.

Kuhusu maji ya moto: kwa lusina na baadhi ya migunga ni dawa nzuri. Unachemsha, unaepua, unamimina juu ya mbegu na kuziacha zipoe humo mpaka asubuhi. Joto linaitikisa ile sehemu dhaifu karibu na kovu. Kwa komwe siitegemei. Ganda ni nene, matokeo ni ya kubahatisha, na anayezichemsha juu ya moto ili "zikubali" anapika kiini.

Na asidi. Ni kweli vitalu vikubwa hutumia asidi ya salfa kulainisha maganda ya mbegu. Wanatumia asidi kali isiyochanganywa na maji, kwa dakika zilizopimwa, wakiwa na glavu, miwani na maji tele ya kusuuza. Maji ya betri yamechanganywa, zaidi ya nusu yake ni maji, hivyo ganda la komwe halitaona tofauti ya maana wakati ngozi na macho yako yataiona mara moja. Yaliyotolewa kwenye betri kuukuu yana madini ya risasi pia, sumu ambayo hutaki kuimwaga shambani unapopanda chakula. Kwa mbegu za ua mmoja, tupa inashinda.

Onyo moja nisilisahau, maana ukishaonja raha ya tupa utataka kuijaribu kwa kila mbegu. Turituri, zile nyekundu zenye doa jeusi, usiziguse kwa tupa nyumbani kwenye watoto. Zina sumu kali sana. Mtoto akimeza moja nzima, mara nyingi ganda huilinda njia nzima mpaka itoke. Iliyotobolewa au kutafunwa ni habari nyingine, hiyo ni ya kukimbilia hospitali bila kungoja dalili. Komwe nayo kiini chake ni kichungu na si cha kuchezea mdomoni, ingawa wako wanaoifanya dawa.

Kama una mkomwe unaozaa karibu, kuna njia ya mkato. Chuma tunda likiwa limekomaa lakini halijakauka, wakati mbegu ndani bado ina ukijani na kucha inaacha alama. Hapo ganda halijajifunga. Panda mara moja bila tupa. Si zote zitakubali, nyingine zitakuwa changa mno, ila kwa mtu anayetaka mia mbili ni nafuu kuliko kukaa na koleo wiki nzima. Vaa kitu mikononi, tunda lote ni miiba.

Weka mbegu kwenye mifuko ya kitalu kwanza, mchanga ukizidi udongo, kina cha sentimita mbili au tatu hivi. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Anza mapema ili miche iwe imeshika nguvu masika yakiingia, ndipo uihamishe. Chumvi ya upepo haiusumbui mkomwe, wala mchanga maskini.

Kabla hujapanda mzunguko mzima wa shamba, fikiri kidogo. Mkomwe hautaki kusimama, unapenda kutambaa na kupanda juu ya vingine, na miiba yake imepinda kama ndoana: inashika nguo, inashika ngozi, haiachii. Ukiuacha miaka miwili bila kuupogoa utakula njia na sehemu ya shamba. Mimi ningeupanda upande ule wa nyuma wanakopita punda, mita kadhaa kutoka kwenye mipaka ya jirani, na upande wa nyumba na kisima ningeweka kitu kingine. Halafu mwaka wa kwanza usitegemee ulinzi wowote. Miiba ya mche mchanga ni laini, na mbuzi hao hao unaowakimbia watautafuna kwa furaha, kwa hiyo zungushia makuti au matawi makavu ya mgunga mpaka ufike kiunoni.